Gauni la Kibonge

Fundi alikuwa na tabia moja iliyowachekesha mafundi wenzake: aliacha kitambaa kingi mno ndani ya mshono. Mwenzake akiacha nusu kidole, yeye anaacha vidole viwili, na nguo ikiwa ya harusi anaongeza cha tatu. Walimwambia anashonea panya. Yeye aliwajibu kwamba mwili wa mtu si ubao, leo uko hivi kesho uko vile, na nguo isiyo na akiba ndani inamfaa maiti tu. Wateja walimpenda kwa ubishi huo. Mama aliyetoka kujifungua, mzee aliyepona homa ya muda mrefu, kijana aliyepata kazi na kitambi kwa mpigo, wote walimrudia na nguo zao za zamani. Alizifumua ubavuni, akaachia kidogo, akashona upya, na wenyewe wakatoka wakijitazama kwenye kioo kwa furaha.

Aliishi nyuma ya duka lake, vyumba viwili na jiko, pamoja na mdogo wake wa pekee. Mume alikuwa amekwisha kufariki, mtoto hakujaliwa, na mama yao alitangulia mbele ya haki mdogo akiwa bado anabebwa. Kwa hiyo huyo mdogo ndiye aliyekuwa kila kitu. Fundi alimbeba mgongoni huku akikanyaga cherehani, akamsomesha, akamwona anaajiriwa mapokezi katika ofisi ya mawakili. Alikuwa na jina lake zuri tu la kwenye vyeti, lakini Fundi alimpachika la Kibonge tangu enzi za mashavu yaliyojaa na vimikono vyenye mikunjo, na jina likaganda. Mtaa mzima ulimwita hivyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama analipenda.

Kibonge alipochumbiwa na fundi umeme mmoja, mtu mpole asiye na maneno mengi, Fundi alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa amejiapiza kwamba gauni la harusi hiyo halitaguswa na mkono mwingine. Akamsimamisha katikati ya duka mchana kweupe, wateja wawili wamekaa kwenye benchi na jirani muuza vifungo ameegemea mlango, akaanza kumpima huku akitaja namba kwa sauti. Ndivyo alivyomfanyia kila mteja ili namba zisimtoke kichwani. Akataja kifua, akataja kiuno. Alipofika kwenye nyonga akapiga mluzi.

"Hapa, mdogo wangu, itabidi mwenye duka la vitambaa atufungulie jora jipya."

Watu walicheka. Kibonge naye alicheka, tena ndiye aliyecheka muda mrefu kuliko wote, na Fundi hakuona kitu. Duka lile liliishi kwa utani, na mtu aliyenuniwa pale ni yule asiyetaniwa. Jioni Kibonge alisema hana njaa, na sahani yake ikarudi jikoni kama ilivyotoka.

Baada ya siku chache alimletea dada yake ombi. Alitaka gauni likatwe kwa kipimo atakachokuwa nacho siku ya harusi, si kwa kile alichonacho, akataja namba anayoitaka na kumwonyesha kwenye simu picha ya dada mmoja mwembamba. Fundi alishtuka, maana namba ile ilikuwa ya msichana wa shule. Akamwambia hakuna haja, kwamba mwanamume amempenda alivyo, na kwamba yule dada wa kwenye picha ya simu kazi yake ni kushinda na njaa apigwe picha. Kibonge hakubishana. Alisema tu kwamba kama dada hawezi, ataenda kwa fundi mwingine.

Hapo alimpata. Fundi mwingine angekata kitambaa kile sawasawa na namba, kinachobaki akafutia mashine. Basi Fundi akakubali kwa shingo upande. Alikata kwa namba ya mdogo wake, lakini ndani ya mshono, kila upande, alikunja kitambaa ambacho hata yeye mwenyewe hakuwahi kukiacha kwa mteja yeyote. Alijiambia kwamba likizidi kuwa dogo, ataachia, na mambo yataisha.

Masharti ya chakula Kibonge aliyapata kwa mwenzake wa ofisini, naye huyo aliyatoa kwenye simu, kwa mtu asiyemjua aliyejiita mshauri wa lishe. Yalikuwa makali kuliko ya mganga. Wali marufuku, mkate marufuku, mafuta marufuku, hata matunda eti yana sukari. Kilichobaki ni majani ya kuchemsha, yai, na maji ya moto yenye ndimu ya kulidanganya tumbo. Mwanzoni Kibonge alichangamka, akawa anayahubiri masharti yake kila alipopata mtu wa kumsikiliza. Halafu uchangamfu ukaondoka akabaki mkali. Alimfokea Fundi kwa kukaanga vitunguu, akasema anafanya makusudi. Akahama mezani. Akawa anakula chumbani, mlango umefungwa, majani yake yasiyo na chumvi, na ukipita nje husikii hata kijiko kikigonga sahani.

Siku moja ofisini walimkatia keki ya sherehe ya mwenzao, akaila. Alirudi nyumbani uso umemshuka, akamsimulia dada yake kile kipande cha keki kama mtu anayekiri kuua. Kesho yake, siku ya mapumziko, alinunua dawa ya kuendesha tumbo akanywa zaidi ya ilivyoandikwa, akashinda chooni. Fundi alisimama nje ya mlango akimbembeleza afungue. Kibonge alijibu kutoka ndani kwa sauti tulivu kabisa kwamba asiwe na wasiwasi, anarekebisha kosa lake. Utulivu ule ulimtisha Fundi kuliko ambavyo kilio kingemtisha.

Ikafika siku ya kujaribisha gauni. Fundi alifunga mlango wa duka mapema, akamvalisha, akaivuta zipu. Ilipanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma. Akamwambia avute pumzi ndani, akavuta tena, haikusogea. Kibonge alijitazama kwenye kioo kirefu bila kulia. Alishika nyama ya kiunoni akaifinya kwa kucha mpaka ikaacha alama nyekundu, akaitukana kwa sauti ya chini, tusi zito ambalo Fundi hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Kutoka jioni ile hata majani akayaacha, akabaki na yai na maji ya ndimu. Keshokutwa yake, akiwa anapiga mswaki, alipepesuka akashika ukuta, na Fundi akamdaka kabla hajafika chini. Alikuwa mwepesi kuliko alivyotegemea, lakini si mwepesi wa kutosha kuenea kwenye gauni lile.

Fundi alikaa dukani akashika tama. Alimfahamu mdogo wake, au alidhani anamfahamu, na akaona anachokitaka ni kitu kimoja tu: zipu ipande. Zipu ikipanda, roho yake itatulia, atakula. Usimlaumu sana. Alikuwa fundi wa nguo, na kila shida iliyowahi kuingia kwenye mlango wake iliondoka baada ya kufumuliwa ubavuni. Akalishusha gauni, akalipindua nje ndani, akachukua wembe akaanza kufumua. Aliachia upana wa kidole kila upande, akashona upya, akatandaza kitambaa kibichi juu ya mstari wa mshono wa zamani akaupiga pasi mpaka ukafutika. Kazi ilikuwa safi. Hata fundi mwenzake asingegundua.

Muuza vifungo aliingia kumletea vifungo vya lulu, akamkuta katikati ya shughuli. Akauliza gauni limekosewa wapi. Fundi akamwambia ukweli, maana hakuwa na mwingine wa kumwambia. Yule mama akauliza itakuwaje mwenyewe akijua. Fundi akasema ndani ya mshono hachungulii mtu ila aliyeushona, na muuza vifungo akaaga bila kutania, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Walipojaribisha tena, zipu ilipanda mpaka juu. Kibonge aligeuka kwenye kioo, akageuka tena, akamkumbatia dada yake kwa nguvu wakakaribia kuanguka juu ya cherehani. Walicheka wote wawili kama zamani. Fundi akaona ameshinda. Akaingia jikoni akapika wali na nyama, akatenga sahani mbili mezani, akamwita. Kibonge alikuja uso ukimng'aa, akaziona zile sahani, akabaki amesimama.

"Unaona, dada? Kumbe inafanya kazi," alisema. "Jana nilishataka kuacha. Nilikuwa nimechoka kabisa, nilisema kesho nakula na wewe, liwalo na liwe. Sasa siachi. Naomba ulibane kidogo tena."

 Upawa ulikuwa mkononi mwa Fundi, ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi, na jikoni mlikuwa na watu wawili tu. Kama kuna saa ambayo angeweza kuyamaliza yote, ilikuwa ile. Lakini aliutazama uso wa mdogo wake, uso wenye furaha ambayo hakuiona tangu siku ya posa, na hakuwa na moyo wa kuuzima. Akasema haya, nitalibana. Akala peke yake.

Mtu akishaingia kwenye uongo hutafuta njia ya kutokea mbele badala ya kurudi alikoingilia. Fundi naye alijipangia: nitamwambia nimelibana, kumbe nimeliachia tena, litaingia kwa urahisi, nitamwambia umeshapita hata ulipopataka, sasa pumzika. Akafumua, akaachia kidole kingine, akapiga pasi. Kibonge akalivaa gauni ambalo aliamini limepunguzwa, likateleza mwilini bila kikwazo. Fundi akamwambia kila alichokipanga, kwamba amefika, kwamba inatosha. Kibonge alimsikiliza akitabasamu, na kesho yake akapunguza hata lile yai.

Tangu hapo gauni likawa ndilo shahidi pekee ambaye Kibonge anamwamini. Mizani ya duka la dawa alisema mbovu. Mchumba wake akimwambia amekonda, alisema huyo mstaarabu tu, hawezi kusema vinginevyo. Na watu nao hawakusaidia. Wateja waliingia dukani, wakamwona, wakapiga vigelegele: Kibonge, umekuwa kimwana, tupe siri na sisi. Kibonge aliwapa siri. Fundi alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, akitamani kuwashona midomo mmoja baada ya mwingine kwa uzi wa jinzi.

Kilichofuata hakikuhitaji daktari kukiona. Kibonge alianza kuvaa sweta jua likiwa la utosi. Nywele zake zilijaa kwenye kitana, akawa anazikusanya na kuzitupa haraka kabla dada hajaona, na dada akawa ameona. Usiku hakulala. Alimwambia Fundi, kama jambo la kumrahisishia maisha, kwamba siku zake za mwezi zimekata. Mazungumzo yake yote yalikuwa chakula: nani amekula nini ofisini, nani amemaliza, nani ameongeza. Aliwapikia majirani akawatazama wakila, na yeye hakuonja hata mchuzi. Ukimgusia jambo lolote jingine, hata harusi yenyewe, alikujibu huku mawazo yake yako mbali.

Fundi umeme alikuja dukani asubuhi moja, Kibonge akiwa kazini. Alikaa kwenye benchi la wateja akizungusha kofia yake mikononi kwa muda mrefu.

"Shemeji, nikimshika mkono naogopa," alisema hatimaye. "Nikila mbele yake ananitazama kila tonge. Juzi ameniambia tusionane tena mpaka siku ya harusi, eti nyumbani kwetu kunapikwa sana. Mimi hanisikilizi. Wewe anakusikiliza."

Fundi akamwahidi atazungumza naye. Hakumwambia habari za gauni. Aliona aibu, na aibu ile ilimkera, kwa sababu alijua inakula muda ambao mdogo wake hana.

Jioni hiyo hiyo akamwita Kibonge avae gauni, akitaka kulitumia kama mwanzo wa mazungumzo. Alipoivuta, zipu haikumpa kazi yoyote. Gauni lilimning'inia. Fundi akachukua pini akaanza kulikusanya ubavuni, akaupita mshono wake wa mwisho, akaupita ule wa kabla yake, akafika kwenye mstari wa kwanza kabisa aliokata kwa ile namba ya msichana wa shule. Akaupita na huo. Vidole vyake vilikuwa vinapita juu ya mbavu, moja, nyingine, nyingine, na ngozi ilikuwa baridi. Hapakuwa na ujanja wa pasi wala wembe hapo. Kila kitu kilikuwa kweli.

Alitaka kumwita kwa jina lake alilompa, na kwa mara ya kwanza alishindwa kulitamka. Alimwona kwenye kioo akiwa amejishika ngozi ya kiunoni, ngozi tupu, akiivuta mbele ili amwonyeshe dada yake kwamba hapa bado. Fundi akasema, mama, basi, nakuomba. Akasema amekonda vya kutosha na kupita kiasi. Kibonge akamtuliza kwa kumpigapiga begani, kama mkubwa anavyomtuliza mtoto, akamwambia imebaki kidogo tu.

Kesho yake alianguka kazini. Alikuwa ameinuka kwenye kiti cha mapokezi kumkaribisha mteja, akasema karibu, akaenda chini. Mawakili walimpeleka hospitali kwa gari lao.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sauti imemkauka kwa kusema kutwa. Asubuhi iliyofuata aliwaita Fundi na fundi umeme kwenye korido, akawaeleza bila kuzunguka. Chumvi za damuni zimeshuka mno, na moyo unategemea chumvi hizo, ndiyo maana unapiga unavyotaka wenyewe na unaweza kusimama wakati wowote. Mifupa imeanza kudhoofika. Tena hata kumlisha kwa pupa ni hatari, mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla unaweza kumuua, kwa hiyo itabidi kidogo kidogo, kwa uangalizi, na kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba hata hicho kidogo anakikataa. Tunaweza kumtundikia dripu, alisema, lakini hatuwezi kummezea mtu. Na huu si ukaidi, ni ugonjwa, umemkaa kichwani kabla ya kumkaa tumboni. Akauliza kama kuna mtu ambaye mgonjwa anamwamini neno lake. Fundi umeme alimgeukia shemeji yake.

Kibonge alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha dirishani, uso mdogo juu ya mto mkubwa. Kikombe cha maziwa kilikuwa kwenye meza ya kitanda, kimejaa, kimefanya utando juu. Alipomwona dada yake aliuliza kama amelileta gauni, maana siku za kitandani zinaweza kumharibia kila kitu, na angependa alijaribu.

Fundi akavuta kiti. Akapiga moyo konde, akasema yote. Alimwambia habari za wembe na pasi na kitambaa kibichi. Alimwambia kwamba ile zipu ilipanda kwa sababu yeye alifumua, na mara ya pili vilevile, na kwamba alimwambia amelibana huku ameliachia. Alimwambia na ule mzaha wa jora siku ya kwanza, kwamba ni mdomo wake tu mchafu na anaujutia kila anapoamka. Alilia akisema. Na ndani ya kilio kile mlikuwa na tumaini, tena kubwa: kwamba mdogo wake akijua njaa haikumpa lolote kwenye zile siku mbili za furaha, ataichukia njaa. Kwamba atakasirika, atamtukana, atamfukuza chumbani, halafu atakunywa yale maziwa. Alikuwa amejiandaa kwa hasira.

Kibonge hakukasirika. Alikuwa anatazama dari.

"Siku ile zipu ilipopanda, sikuwa nimepungua?"

"Kidogo tu. Niliachia mimi."

"Na ile ya pili?"

"Mimi pia."

"Na ya mwisho, uliyoweka pini?"

"Ile ni kweli, mdogo wangu. Haki ya Mungu ile sikuigusa. Umekwisha. Umebaki mifupa mitupu."

Kibonge alitikisa kichwa polepole, akikubaliana na jambo fulani ambalo halikuwa lile aliloambiwa.

"Kwa hiyo bado," alisema. "Mimi nilidhani nimefika."

Fundi akamshika mkono. Akamwambia hapana, sikiliza, hujanielewa, daktari mwenyewe amesema, mchumba wako anasema, mimi dada yako nakuambia. Kibonge akautoa mkono wake taratibu, bila chuki, akakisogeza kile kikombe mpaka ukingoni mwa meza kwa mgongo wa kidole.

Muuguzi akaingia na sinia lake. Alikuwa na kazi ya kumpima mgonjwa kila asubuhi, akamsalimu Fundi, akaukunja mkono wa gauni la hospitali, akauzungushia utepe mkono wa Kibonge juu kidogo ya kiwiko. Utepe ulizunguka ukabaki mwingi. Muuguzi akaisoma namba kwa sauti, akaongeza kwa huruma kwamba mkono huu ni wa mtoto mdogo, dada, lazima ule.

Kibonge hakumtazama muuguzi wala utepe. Alimgeukia Fundi.

"Umemwambia aseme ngapi?"

 Muuguzi aliwatazama kwa zamu, hakuelewa, akaukunja utepe wake akautia mfukoni. Akauliza kama mgonjwa amekunywa maziwa. Fundi akasema hapana, hajanywa.